Mabakuli Mawili Mezani kwa Ojuok

Mfuko wa saruji ndio uliofichua wizi. Jumanne alfajiri, kwenye mwalo mmoja wa kushushia samaki nje kidogo ya Magu, Rebeka, mchuuzi wa sangara ambaye mdomo wake haujui likizo, aliupandisha mfuko huo kwenye mizani mpya ya kompyuta. Alikuwa ameununua kwa ajili ya choo chake na hata uzi haujakatwa. Kila mtu anajua mfuko wa saruji ni kilo hamsini. Mizani ikasoma arobaini na sita.

"Haya," Rebeka akawageukia wavuvi. "Nani kala saruji yangu?"

Hakuna aliyecheka. Ilipofika saa nne, wavuvi walikuwa wamejaa mjini, mtaa wa Mabatini, mlangoni kwa Ojuok, kwenye ofisi ilikotengenezwa programu ya mizani ile. Ndani, Hellen, mmoja wa waandishi wa programu, alikuwa amekaa na pingu mikononi. Jina lake ndilo lililoandikwa juu ya faili la kupima uzito.

Mkaguzi wa polisi Sabina alikuwa na muda mpaka saa nane mchana kuupata ukweli. Ikipita hiyo, mkuu wake alishasema, binti anakwenda mahabusu. Mtoto wa Hellen, bado wa kunyonya, alikuwa kwa bibi yake Kisesa, na blauzi ya mama yake ilishaanza kulowa kifuani. Sabina aliliona hilo kabla hajaiona kompyuta. Akavua mtandio wake, akamfunika.

"Afande, soma mwenyewe," Hellen alisema. "Faili langu linachukua namba kutoka kwenye mizani na kuipeleka kwenye risiti. Halipunguzi kitu."

Lilikuwa fupi. Hata Sabina, ambaye kompyuta aliijulia kwenye kozi ya jeshi, aliona hakuna mahali pa kutoa kilo nne.

"Watasema ulilisafisha leo asubuhi."

"Nilisafishe saa ngapi? Mlinikuta kitandani."

Aliyekuja kufafanua ni mwenye ofisi, Mzee Ojuok, mtu wa Rorya, mnene, mcheshi, ambaye nusu ya mtaa humwita baba. Sabina akamwamkia, akaitikiwa kwa ukunjufu.

"Zamani mafaili yalikuwa yamerundikana pamoja kama nguo za kufua," Ojuok alisema. "Mwezi uliopita nikayapanga kwenye folda za ndani, kama boma la kwetu. Kila mke na nyumba yake na jiko lake. Folda ya *mizani* ni ya Hellen. *Majaribio* ni ya Victor. Mimi baba nakaa katikati, nimeshika orodha moja tu, inayouambia mfumo wa kujengea programu upite nyumba zipi. Kila nyumba inapika, chakula kinaletwa mezani kwangu, programu imekamilika."

"Na nyumba ya mtu inaingiwa?"

"Hapana, afande. Ni mwiko wa hapa. Mimi mwenyewe tangu nipange sijafungua mlango wa mtu." Akachungulia dirishani. "Ngoja nikaongee na hawa ndugu zetu kabla hawajanivunjia vioo."

Alipotoka, Sabina alimfungua Hellen pingu. "Jenga hiyo programu hapa kwenye kompyuta ya ofisi, nione. Faili ni safi, tutaona kinachotoka."

Hellen akabonyeza. Majina yakapita kwenye kioo, moja baada ya jingine. Programu ilipokamilika wakaijaribu kwa hamsini. Ikajibu arobaini na sita.

Hellen akaanza kulia kimyakimya. Sabina hakumbembeleza. Aliyarudisha yale majina juu kwa kidole.

"Hapa naona *mizani*, *uzito*. Na huku chini *majaribio*, *uzito*. Hili la pili la nani?"

"La Victor. Lakini majaribio hayapaswi kupikwa kabisa." Hellen akasogea karibu, machozi yamemkauka, akaifungua orodha ya Ojuok. "Afande. Kulikuwa na mstari kwenye orodha unaoagiza kila nyumba iweke chakula chake kwenye sahani yake. Umefutwa. Sasa vyote vinatua kwenye meza moja. Mabakuli mawili yenye jina moja, la pili linalisukuma la kwanza chini."

"Na watu wanakula la Victor."

"Ndiyo."

Nje kelele zilipanda. Saa sita na nusu. Sabina akamwita Victor, kijana aliyevaa miwani na kutetemeka kama amepakuliwa kwenye barafu ya samaki.

"Umeandika faili la kuiba kilo nne?"

"Nimeandika," Victor alisema, na Hellen akashika mdomo. "Kazi yangu ni kutengeneza mizani mbovu makusudi, nione kama kengele yetu italia. Lakini nililiita *mbovu*, afande, ili lisije likachanganywa. Tazama kwenye laptop yangu."

Sabina akatazama. *Mbovu*, tangu siku lilipoandikwa. Akamwambia akae pale na asifungue kinywa, kisha akatuma mtu amwite Ojuok.

"Mzee, nadhani tumepata. Tatizo linatoka kwenye folda ya Victor."

Ojuok akaketi, akashusha pumzi, akamtazama Victor kwa huruma. "Nilikuwa naogopa hivyo hivyo. Vijana hawa. Ameweka faili lenye jina sawa na la Hellen, likakanyaga la mwenzake. Msameheni, ni uzembe."

Sabina akakigeuza kioo cha kompyuta ya ofisi kimtazame mzee.

"Jina sawa," Sabina alisema. "Mzee, mimi sijakutajia jina la faili. Victor analijua kwa jina jingine. Limebadilishwa kwenye kompyuta hii peke yake, ndani ya nyumba ambayo umeniambia hujafungua mlango wake. Na orodha iliyoiruhusu majaribio ipikwe, ikafutwa mstari wa sahani, umesema mwenyewe, unaishika wewe."

Ojuok alitabasamu, na tabasamu likakosa pa kwenda.

"Ni Ogweno," alisema mwishowe. Ogweno ndiye mnunuzi mkubwa wa samaki pale mwaloni. "Alisema mizani ikimpenda kidogo, atatupatia kazi ya kufunga mizani mialo yote mpaka Musoma. Ningewaajiri watoto wa watu wengi, Sabina. Ofisi ingejaa."

"Kwa jina langu, baba?" Hellen aliuliza.

"Wewe ungetoka. Faili lako ni safi. Wasingepata kitu."

"Nilikuwa nimefungwa pingu."

Ojuok alinyoosha mikono yake minene, na Sabina akamfunga pingu zile zile alizomfungua Hellen. Huko nje, mlango ulipofunguliwa, aliyesikika kwanza ni Rebeka akiuliza kama saruji yake imepatikana.

Victor alimletea Hellen mkoba wake. Hellen hakuupokea. Alivuta kiti, akaurudisha ule mstari, akaitoa majaribio kwenye orodha, akajenga upya, akajaribu. Hamsini.

"Peleka hiyo mwaloni," alimwambia Victor, akijifunga mtandio wa Sabina vizuri. "Mimi naenda Kisesa kunyonyesha."