Bonifasi Arudia Usaili

Kwaruu! Kwaruu! Kwaruu! Sauti ya ndoo tupu zikiburutwa juu ya saruji ilimfikia Agatha kabla hajakata kona. Maji yametoka! Akatimua mbio. Pale Newala maji hayatoki kila siku, na anayechelewa hurudi nyumbani na ndoo kavu.

Jumamosi hiyo alifuatana na kaka yake, Bonifasi, aliyebeba madumu mawili na uso wa mtu aliyefiwa. Bonifasi alikuwa na stashahada ya kompyuta. Siku nne zilizopita alikwenda Masasi kufanya usaili katika kampuni inayotengeneza programu za hospitali. Alitaka kazi ya uhandisi wa programu, akaikosa. Walimwambia anaweza kujaribu tena baada ya miezi mitatu, lakini yeye aliapa kwamba harudi. Kompyuta yake alikuwa amekwisha kuitafutia mnunuzi Tandahimba.

"Agatha, injinia wenu leo anabeba madumu?" alidakia Kurwa, mwanafunzi mwenzake wa darasa la sita. "Kompyuta imeisha chaji?"

Watu wakacheka. Agatha akamgeukia. "Kaka yangu ameitwa usaili. Wewe hata zamu ya kufagia darasa ukiitwa unakimbia!"

"Shikamoo, Mama Mujibu," Bonifasi alimwamkia mama aliyeshika funguo za bomba.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Pole sana."

Agatha alikuwa akipanga ndoo zao kwenye foleni alipotokea mama mmoja mwenye kichanga mgongoni. Bila kuulizwa, Agatha aliichukua ndoo ya yule mama akaiweka mbele kabisa.

"Mbona unamtanguliza aliyefika mwisho?" Bonifasi aliuliza.

"Kaka, chuo kimekusahaulisha nyumbani! Aliyejifungua juzi hangoji foleni."

"Wakija wawili?"

"Anatangulia aliyewahi. Na sisi wengine ni hivyo hivyo, aliyewahi kwanza."

Bonifasi aliyatua madumu chini. Akajipiga paji la uso. "Ndilo swali walilonipa! Wagonjwa wako kwenye foleni, analetwa mahututi. Programu imwite nani kwanza?"

"Sasa ulishindwaje?"

"Waliuliza kwa maneno ya kitaalamu, sikuyaelewa. Wakaniuliza, 'Umeelewa swali?' Nikasema ndiyo. Nikaandika programu ya kupanga majina kwa alfabeti."

Agatha alikodoa macho. "Yaani Zuhura anakata roho mlangoni, na Awadhi mwenye mafua ndiye anaitwa?"

Mama Mujibu alicheka mpaka ndoo ikafurika. Hata Bonifasi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu arudi.

"Rudi Masasi, kaka."

"Nitaaibika."

"Umeshaaibika! Sasa kuna aibu gani imebaki?"

Maneno hayo yalimchoma Bonifasi, kisha yakamsimamisha. Mnunuzi wa Tandahimba aliambiwa kompyuta haiuzwi.

Tangu siku hiyo, kila jioni Agatha alipotoka shule, Bonifasi alimweleza somo moja la kompyuta barazani ili kujipima, akichora kwa chaki sakafuni. Siku ya kwanza alieleza kwa kirefu, kisha akauliza, "Umeelewa?"

"Ndiyo."

"Haya, nirudishie."

Agatha aliokota chaki, akairudisha chini. "Nimezoea kuitika tu, kaka," alisema taratibu. "Darasani mwalimu akiuliza, 'Tumeelewana?' wote tunaitika, 'Ndiyooo!' Hata asiyejua anafungua mdomo."

"'Ndiyo' hiyohiyo ndiyo iliyoninyima kazi," Bonifasi alisema. "Hapa barazani tumeifuta. Usipoelewa, gonga sakafu."

Agatha aligonga. Aligonga mpaka vifundo vya vidole vikamuuma. Kila alipogonga, Bonifasi alitafuta maneno mepesi zaidi. Na alipoyakosa, aligundua kwamba hata yeye hajui, akarudi kwenye vitabu. Miezi mitatu ilipita hivyo, chaki baada ya chaki.

Siku ya usaili ilipofika, Bonifasi alipanda basi la asubuhi kwenda Masasi. Nyumbani hakuna aliyekula kwa raha. Alasiri simu ya mama yao ililia.

"Mama, swali la tatu sikulielewa," sauti ya Bonifasi ilisikika. "Nikawaambia, 'Samahani, sijaelewa, naomba mnifafanulie.' Wakanifafanulia! Nikajibu mpaka ubao ukajaa. Mama, nimepata! Naanza kazi Jumatatu!"

Mama alipiga vigelegele vilivyowatoa majirani ndani. Kurwa alikuja mbio akipaza sauti, "Injinia wetu! Injinia wetu!"

"Tangu lini amekuwa wenu?" Agatha alimuuliza, wote wakaangua kicheko.

Vigelegele vilipotulia, mama alimvuta Agatha karibu. "Mwanangu, kaka yako alikuwa na akili hata ile siku aliyokosa. Alichokosa ni ujasiri wa kusema kweli kwamba hajaelewa. Aliposema kweli akapewa maelezo, na kwa sababu alikuwa amejituma, maelezo yakamfaa. Asiyejifanya anajua ndiye anayefundishika."

Agatha alisimama wima mbele ya majirani wote. "Mama," alisema kwa sauti kubwa, "nakuahidi, Jumatatu mwalimu akiuliza kama tumeelewa, na mimi sijaelewa, nitanyoosha mkono niseme bado. Hata kama darasa zima litanicheka, nitasema bado!"