Unga Uliorudishwa Tunduma

Aurelia wa Lizaboni, mtaa wa Songea, alikuwa na mkono mzuri wa unga wa lishe. Alichambua mahindi, akakaanga soya na karanga, kisha akasagisha. Watoto wa mtaa walikua kwa uji wake. Tangu afungue biashara yake, sifa zake zilikuwa zimevuka mpaka. Bwana Bakili, mwenye duka Nakonde, upande wa Zambia, aliagiza magunia kumi.

Ulikuwa mwaka 2002. Njaa ilizipiga nchi jirani, na magunia matupu ya mahindi ya msaada yaliuzwa hadi sokoni Songea. Yalikuwa meupe, imara, yenye maandishi ya kigeni. Nani angeacha kitu kizuri hivyo? Aurelia alipakia unga wake humo.

Wiki iliyofuata unga ulirudi wote.

"Maafisa wa mpakani wamesema ni mahindi ya maabara," alisema Otto, mumewe, akishusha gunia la mwisho. "Zambia hawayataki, hata yakisagwa."

"Maabara gani? Mahindi ni ya Joachim, mkulima wetu wa Madaba!"

Aurelia alikasirika. Tena Bakili alituma neno: atangoja wiki mbili tu, kisha ataagiza kwingine.

Asubuhi alikwenda kwa Bi Halima, afisa kilimo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Halima alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wataalamu wanaweza kubadilisha vinasaba vya mbegu, yaani zile chembe za urithi," alieleza. "Nchi nyingine huruhusu mazao hayo, nyingine hukataa. Muuzaji ndiye anayepaswa kuijua sheria ya mnunuzi, kabla ya kupakia. Wewe umetia unga kwenye gunia la msaada. Afisa wa mpakani atakuaminije?"

"Basi nitabadilisha magunia."

"Taratibu. Mahindi yote ni ya Joachim?"

Aurelia aliinama. Mahindi yalipopungua, aliongeza ya mchuuzi asiyemjua hata jina.

"Madebe mawili tu, mama."

"Umeshayachanganya. Nani atayatenga sasa?"

Maneno hayo yalimchoma, maana yalikuwa kweli. Unga ule ulilika vizuri, lakini asili yake hakuweza kuithibitisha. Akauuza hapohapo mtaani.

Kisha yeye na Otto walikwenda Madaba. Waliandika jina la Joachim, kijiji chake na mbegu aliyopanda. Walinunua mifuko mipya. Kabla ya kusaga, Aurelia aliifagia mashine mpaka kwenye pembe.

"Mama, unaandaa altare ya kanisa?" Otto alimtania.

"Shika ufagio, baba."

Halima aliwaelekeza kwa wakaguzi. Walichukua sampuli, wakaipima, wakatoa cheti kuwa si mahindi ya maabara. Siku ya kumi na tatu lori lilivuka mpaka wa Tunduma.

Haukupita mwezi, Bakili akaandika: "Unga umekwisha. Leta magunia ishirini."

"Ishirini!" Otto alishangaa. "Mahindi ya Joachim hayafiki. Tuongezee mengine, nani atajua?"

Aurelia alichukua kalamu. "Bwana Bakili," aliandika, "ninayo manane ninayoyajua yalikotoka. Mengine ngoja mavuno."

Bakili akangoja.