Soksi Nne za Mzee

Kila jioni fundi cherehani alifagia vipande vya vitambaa, kisha akaketi mlangoni pa kibanda na mbwa wake. Mbwa huyo aliitwa Doria. Mama yake aliitwa Doria, na bibi yake pia. Mzee, marehemu mume wa fundi, hakupenda kujisumbua na majina.

Ah, Mzee na mbwa wake! Fundi alimkumbuka amechuchumaa sakafuni, akikagua miguu ya watoto wa mbwa. Alitaka mbwa wa kahawia wenye miguu minne myeupe. Aliiita soksi. Mwenye soksi tatu alimgawia jirani. Mwenye soksi nne alibaki, na akikua alipandishwa na ndugu yake, ili damu isitoke nje. Nyumba ilikuwa na raha siku zile.

Jioni moja Doria alijigonga kwenye kigoda. Kesho yake akajigonga tena, palepale. Binti wa fundi alisema labda ni uzee. Lakini Doria alikuwa bado kijana. Fundi alikumbuka jambo likamkata maini: mama yake Doria alianza hivyohivyo, akafa kipofu. Wao walidhani ni vumbi.

Wakampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari alimulika macho yake kwa tochi ndogo, akauliza habari za wazazi wake. Fundi akaeleza mambo ya soksi, tena kwa majivuno kidogo.

"Mama, huu ni ugonjwa wa kurithi," daktari alisema. "Mbwa anaweza kuubeba kwenye damu na bado akaona vizuri. Lakini wabebaji wawili wakizaa pamoja, baadhi ya watoto wanaweza kupofuka. Na ndugu mara nyingi hubeba kitu kilekile."

"Kwa hiyo Mzee wangu ndiye aliyempofusha?"

"Mzee hakujua. Wewe sasa unajua."

Mwezi ule fundi alikuwa amepanga kumpandisha Doria na kaka yake, aliyelelewa kwa binti. Asipofanya hivyo, ukoo wa mbwa wa Mzee ungekwisha. Akauliza kama kuna kipimo cha kuwajua wabebaji.

Daktari alisema watafiti wa chuo wanakitafuta. Wanahitaji damu ya mbwa wa aina hiyo, wagonjwa na wazima. Wanahitaji pia fedha za maabara, ila watu hawachangii. Husema, mbwa tu huyo.

"Basi hatumpandishi," fundi alisema. "Tutasubiri kipimo."

Binti alisema wasubiri tu, matajiri wachange. Fundi akamjibu kwamba haba na haba hujaza kibaba. Vile vipande alivyokuwa akivifagia, akavishona mifuko. Akaizungusha kwa majirani waliopewa mbwa wa soksi tatu. Walinunua, wakacheka wakikumbuka vituko vya Mzee, kisha wakawaleta mbwa wao kutolewa damu. Mbwa wale walikuwa ndugu wa Doria, na damu yao iliwafaa sana watafiti. Fedha za mifuko zilikwenda chuoni.

Miaka ikapita. Doria akapofuka kabisa, akajifunza nyumba kwa pua. Siku kipimo kilipopatikana, daktari alikuja mwenyewe kusema. Kaka yake Doria alipimwa, akaonekana ni mbebaji. Wakamtafutia jike wa ukoo mwingine, aliyepimwa akakutwa hana kasoro hiyo. Watoto wao wasingeweza kupofuka kwa ugonjwa ule. Wangepimwa nao kabla ya kuzalishwa.

Fundi akachagua mmoja. Alikuwa na soksi tatu, na mguu mmoja wa kahawia.

Jioni ile kibanda kilianza kuwa na giza. Mtoto wa mbwa akatoka mbio, akakizunguka kigoda bila kukigusa, akajitupa mapajani pa fundi.

"Mzee angekugawa wewe," fundi alimwambia, machozi yakimlengalenga. "Karibu nyumbani, Doria."