Ng'ambo ya Isiukhu

Radi iliupiga mti mbele yao na njia ikazibika. Mvua ya alasiri, ile ya Kakamega isiyobisha hodi, ikamwagika msituni, na tawi lililokatika likamchana Navalayo mguu.

"Mama Roda, unaona sasa? Tungepitia kwa daraja, saa hii tungekuwa tunakunywa chai!"

Ni Awinja aliyelikataa daraja la magogo na kumburuta wifi yake Navalayo msituni, eti huko juu mto ni mwembamba. Tangu mto huo, Isiukhu, umchukue dada yake Winrose wakiwa wasichana, hakuwahi kuuvuka. Roda, binti yake wa pekee, aliolewa ng'ambo ya mto. Hata harusi Awinja aliitazama kwenye simu. Sasa Roda amejifungua, na kila jioni humpigia: "Mama, utakuja lini?" Swali hilo lilimnyima usingizi.

Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akafunga kidonda. "Utaweza kutembea?"

"Pole pole. Lakini mto iko wapi?"

Walizunguka gizani mwa miti mpaka wakarudi kwenye mti ule ule wa radi. Awinja akaketi kwenye matope, akalia. Alimtaka mwanawe, basi.

Mvua ilipopungua, jogoo aliyekuwa kikapuni, zawadi ya mzazi, akawika. Mbali, upande wa kushoto, mwingine akamjibu.

"Huko kuna boma!" Navalayo alisema. "Ingokho ikiwika haidanganyangi."

Waliifuata sauti hadi mtoni. Maji yalikuwa mekundu, yakivuta matawi. Ng'ambo, moshi ulifuka jikoni kwa watu.

"Mguu yangu haiwezi tangulia," Navalayo alisema. "Wewe ndiyo utapima na fimbo."

Awinja akaokota tawi, akalivunja liwe fimbo. Kila Alhamisi, kwenye maombi ya akina mama, yeye ndiye aliyesoma Isaya kwa sauti tamu kuliko wote: "Upitapo katika maji mengi nitakuwa pamoja nawe." Kisha alirudi nyumbani kwa njia iliyokwepa mto. Mdomo uliamini, miguu ikagoma. Leo aliusikia mstari vingine: Mungu hakuahidi daraja.

Wakaunganisha leso zao, wakajifunga viunoni. Awinja akajitwika kikapu, akaingia. Maji yakapanda hadi kiunoni. Jiwe likabiringika, akateleza, akameza tope.

"Yesu! Roda!"

Leso ikakazika. "Usiangalie maji!" Navalayo alipaza sauti. "Angalia moshi!"

Akautazama moshi. Fimbo ikapata mchanga.

Jioni Roda aliwakuta mlangoni pake, wakichuruzika. "Mama? Umepitia wapi?"

"Mtoni."

Roda akaangua kilio, akamkumbatia na matope yake yote, kisha akamletea mtoto. "Ni msichana. Tumemwita Winrose."

Awinja alimpokea. Machozi yalimdondoka.

"Leteni maji," akasema, "nimwoshe."