Kikombe cha Kijani na Risasi za Renita

Hobart anadai kwamba kulungu yule alimhurumia Verlin.

Hobart ni jirani. Shamba lake limepakana na la Verlin na mkewe Nedra, na mdomo wake haujui kupumzika. Jumamosi ile, siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kwa gobori, alifika jikoni kwa Nedra kabla hata Verlin hajarudi kutoka msituni. Akakung'uta theluji kwenye buti, akajimiminia kahawa, akaanza.

"Nimemwona kwa macho yangu, Nedra. Mimi niko juu kilimani, yeye yuko bondeni. Kapiga ya kwanza, kakosa. Kulungu karuka hatua mbili, kasimama. Pembe zake kama kiti cha kubembea. Sasa mumeo anataka kushindilia ya pili. Anasukuma, haiendi. Anasukuma kwa tumbo, haiendi. Mwisho kaokota jiwe. Ko, ko, ko, kama kigogota. Na kulungu kasimama pale anamtazama, kama anataka kumwuliza, mzee, nikusaidie?"

"Halafu?"

"Halafu kachoka kungoja, kaenda zake."

Nedra hakucheka. Alijua kwamba nusu ya maneno ya Hobart huwa ni chumvi. Ila nusu nyingine huwa kweli, na hiyo ndiyo iliyomtia wasiwasi. Katika miaka thelathini na minane ya ndoa yao hajawahi kusikia Verlin akigonga bunduki kwa jiwe.

"Kunywa kahawa yako uende, Hobart," alisema. "Akikukuta hapa leo, hatafurahi."

Verlin aliingia Hobart alipokwisha kuondoka. Alivua koti, akaisimamisha gobori pembeni mwa mlango, akakaa mezani. Nedra akampakulia maharage na mkate wa mahindi.  Verlin alishika kijiko kwa ngumi nzima, kama mtoto, maana vidole vyake siku hizi havikunjuki vizuri wakati wa baridi. Nedra aliona, akajifanya haoni.

Kisha akaitazama bunduki.

Gobori hushindiliwa kwa mdomoni. Unamimina baruti kwanza. Halafu unatia risasi, na unaisukuma kwa mdeki, ule ufito mrefu, mpaka ikae barabara juu ya baruti. Verlin alikuwa amezungushia utepe mwekundu kwenye mdeki wake. Risasi ikifika chini kabisa, utepe unakuwa sawasawa na mdomo wa mtutu. Nedra ameuona utepe ule kila Januari akiwa barazani. Yeye hapigi bunduki, lakini macho anayo.

Leo mdeki ulikuwa bado umo ndani ya mtutu, umenasa. Na utepe mwekundu ulikuwa umechomoza shibiri mbili juu ya mdomo.

"Verlin," alisema polepole. "Hiyo risasi haijafika chini."

"Najua."

"Na baruti imo?"

"Imo."

"Sasa?"

"Sasa nitauvuta mdeki utoke. Kesho asubuhi, kabla ya kanisa, nitaifyatulia kwenye kile kisiki nyuma ya banda. Itatoka yenyewe."

Akainuka, akaenda kujilaza. Nedra alibaki anasugua sufuria ambayo ilikwisha kutakata zamani. Hakujua kwa nini neno lile limemkaa vibaya, ila limemkaa vibaya. Akaenda kwenye koti la mumewe, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kikopo kidogo cha fataki. Bila fataki bunduki haiwaki. Akakizika ndani ya unga wa ngano, kwenye debe. Kisha akachukua simu akampigia Twyla.

Twyla anauza katika duka la vifaa vya shamba na uwindaji pale njia panda. Kila vuli hufundisha wawindaji wapya katika ukumbi wa zimamoto jinsi ya kushika silaha bila kuumiza mtu. Nedra alimweleza habari ya jiwe, utepe na kisiki.

Nedra alisikia Twyla akiokota funguo zake.

"Mama Nedra," Twyla alisema, "asiifyatue. Nakuja sasa hivi. Na asiiguse mtu."

Alifika jua likiwa bado juu, na kisanduku cha vifaa mkononi. Verlin alitoka chumbani nywele zimesimama.

"Nani kamwita huyu?"

"Mimi," alisema Nedra.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekuzoea."

 Verlin akajikuna shingo. "Fataki zangu ziko wapi?"

"Kwenye unga."

Twyla aliinama akajifanya anafunga kamba ya buti, ili asionekane anatabasamu. Kisha akasema, "Vizuri sana. Hapo pamebaki baruti tu. Tutoke nje, mbali na jiko. Mzee Verlin, kama una sigara, iache humu."

Walikwenda bandani. Twyla aliilaza gobori juu ya meza, mdomo umeelekea ukutani kwenye marobota ya nyasi kavu, upande ambao hakuna mtu. Hakuna aliyesimama mbele ya mdomo ule. Akahakikisha kwanza kwamba hakuna fataki mahali pake. Kisha akafungua kizibo cha nyuma ya mtutu kwa ufunguo wake, akaimwaga baruti yote kwenye ndoo ya maji, ndipo akauvuta mdeki uliokuwa umenasa.

"Sasa nikuulize," alisema. "Unajua ingekuwaje kesho pale kwenye kisiki?"

"Ingepiga teke kidogo."

"Mzee wangu, sikiliza. Risasi ikikaa juu ya baruti, moshi na moto vinaisukuma tangu mwanzo, vinakwenda nayo pamoja. Ikiwa imekwama katikati, moto unakimbia peke yake, unaikuta imeziba njia. Nguvu yote inatafuta pa kutokea. Mtutu unavimba, au unapasuka. Na unapolenga, mtutu uko wapi?"

 Verlin aligusa shavu lake la kulia.

"Hapo hapo," alisema Twyla.

Nedra alikaa juu ya robota la nyasi. 

Twyla alitia matone machache ya mafuta, akaingiza ufito kwa upande wa nyuma, akasukuma kwa uzito wa mwili wote. Risasi ilitoka mdomoni ikaanguka juu ya kitambaa. Ilikuwa ya shaba, na pua yake imepondeka kwa kugongwa. Plastiki ya kijani ilikuwa imejikunja ubavuni kama gome.

"Hizi ni mpya," alisema Twyla. "Umezipata wapi?"

Verlin aliichukua. Akaigeuza kiganjani.

"Renita kaniletea Krismasi," alisema. Renita ni binti yao, muuguzi katika mji wa mbali. "Kazifunga kwa karatasi nzuri, na kadi. Kaandika, Baba, hizi zikakuletee bahati. Nikataka nikimpata kulungu nimpigie simu. Nimwambie, mwanangu, nimempata kwa risasi yako."

"Na vikombe, hii plastiki inayovishwa risasi?"

"Vikombe nilikuwa navyo vyangu vya zamani. Nikasema nisitupe."

Nedra alitazama dirisha la banda. Alikuwa amefikiri kwamba mumewe ni mbishi. Kumbe ni kupenda tu.

"Ya kwanza iliingiaje?" Twyla aliuliza.

"Niliitia hapa nyumbani. Kwa nyundo ya mpira."

"Na ya pili hukuwa na nyundo."

"Nilikuwa na jiwe."

"Hobart kaniambia," alisema Nedra.

"Hobart atamwambia mpaka mchungaji," alisema Verlin, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

Twyla alirudi nao jikoni kwenye mwanga. Alimwambia Verlin alete boksi la risasi na mfuko wa vikombe. Akaviweka kando kando.

"Someni."

Boksi la Renita liliandikwa 45, namba ya unene wa risasi. Mfuko wa vikombe vya kijani uliandikwa kwamba ni vya risasi ya 44.

"Mtutu wako una upana wa nusu inchi," alisema Twyla. "Risasi hizi ni nyembamba kuliko mtutu. Ndiyo maana tunazivika kikombe cha plastiki, kijaze nafasi na kiishike ile michirizi ya ndani, risasi izunguke iende sawa. Kwa hiyo kikombe kina vipimo viwili. Nje kitoshe mtutu. Ndani kitoshe risasi. Mama Nedra, Verlin akivimba mguu ndani ya soksi, buti linaingia?"

"Haliingii. Na anatukana."

"Basi ndiyo hivyo. Buti ni lile lile, soksi ni ile ile, mguu ndio umenenepa. Hii risasi imezidi ile ya zamani kwa unene wa karatasi tano hivi. Karatasi tano tu. Lakini ndani ya chuma hakuna pa kupenyea."

Verlin aliviringisha kikombe cha kijani mezani. "Kwa hiyo si mikono yangu."

Alilisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeulizia jibu la hospitali. Nedra akaacha kumenya viazi.

Twyla hakuharakisha. "Siwezi kukudanganya. Mikono imezeeka, hata yangu si ile ya zamani. Lakini kikombe hiki na risasi hii, hata kijana wa miaka ishirini angetafuta jiwe. Ndiyo maana tunachagua kinachoingia. Hatuchagui kinachotushinda."

Jumapili baada ya kanisa Twyla alikuja tena na aina tatu za vikombe vya risasi ya 45. Alikuwa ameviacha vichache vya kila aina barazani kwake tangu asubuhi. Plastiki ikipoa inakuwa ngumu, alisema. Kinachoingia vizuri karibu na jiko huenda kikakataa msituni. Walisafisha mtutu na kuukausha. Kizibo cha nyuma kilikuwa kimetolewa, baruti hakuna, fataki bado zimo ndani ya unga.

"Wewe ndiye unayesukuma," Twyla alimwambia Verlin. "Mimi sitakuwa nawe bondeni."

Cha kwanza kilikuwa cheusi. Kiliingia kwa shida, Verlin akaanza kuhema.

"Acha," alisema Twyla. "Ukihisi unataka kugonga, jibu umeshalipata."

Cha pili kilikuwa cheupe. Kilitelemka chenyewe kama jiwe kisimani.

"Hiki kizuri," alisema Verlin. "Hakinipi kazi."

"Na hicho ni kibaya vilevile. Utatembea na mtutu umeinama, risasi itatelemka iache baruti. Hapo tumerudi pale pale pa jana, na safari hii hata hutajua."

Cha tatu kilikuwa cha buluu, chenye vijimistari vilivyoinuka kwa nje. Vijimistari vile vinajibana vyenyewe vikiingia. Verlin alikianzisha kwa kusukuma kwa kiganja kifaa kifupi chenye kichwa cha mviringo. Kisha akashika mdeki. Ulikwenda chini taratibu, kwa nguvu moja isiyobadilika, bila kusimama na bila kukimbia. Kama kuzamisha mti wa uzio kwenye udongo laini. Twyla akaigeuza gobori, mdomo chini, akaitikisa. Risasi haikusogea.

Verlin alisimama akiutazama mkono wake.

"Rudia," alisema Twyla. Akarudia mara nne.

Jumatatu walikwenda kwenye uwanja wa shabaha, fataki zimefukuliwa kutoka kwenye unga. Walipima baruti, wakashindilia, na Verlin akafunga utepe mpya pale hasa mdeki ulipokutana na mdomo wa mtutu. Uso wake aliuweka pembeni mwa mdomo, kama alivyoelekezwa. Kila baada ya mlio mmoja Twyla alimpa kitambaa chenye unyevunyevu apitishe ndani, halafu kikavu. Masizi ya baruti ni kama kutu kwenye bomba, alisema, yanapunguza njia kila unapopiga. Matundu matatu yalikaa kwenye karatasi, yanafunikwa na kiganja.

"Kuingia vizuri ni nusu," alisema Twyla. "Hii ndiyo nusu nyingine. Sasa nenda kawinde."

Jumanne, siku ya mwisho, Verlin alimpata kulungu jike mnene, umbali wa hatua sitini. Hakuwa yule wa pembe. Hobart alisaidia kumburuta kwenye theluji, na njia nzima alieleza jinsi ambavyo yeye angempiga vizuri zaidi.

Jioni nyumba ilinuka vitunguu na nyama. Nedra alipanga chupa za kuhifadhia nyama mezani, na Verlin akampigia simu Renita, spika imewashwa ili Nedra naye asikie.

"Nimempata, mwanangu. Kwa risasi yako."

Renita alicheka, lakini baba yake hakuishia hapo. Alimweleza yote. Kikombe cha kijani, jiwe, kisiki. Hata fataki kwenye unga. Alisema kwamba siku nyingine akinunua zawadi ya namna hii asome namba mbili, ya risasi na ya kikombe, au aulize kwanza.

"Baba," alisema Renita, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Mimi ndiye niliyekuletea."

"Uliniletea risasi nzuri. Mimi ndiye niliyezivisha nguo ya mtu mwingine."

Renita akapenga kamasi. "Ile iliyokwama bado ipo?"

"Ipo."

"Nipe mimi. Nikija Pasaka unipe. Nataka niiweke dirishani, niione nikiwa naosha vyombo."

Nedra aliinua macho kutoka kwenye chupa zake. Mkono wa Verlin ulikuwa umepanda wenyewe hadi mfuko wa shati, upande wa kushoto. Tangu Jumamosi alikuwa akiihamisha kutoka shati hadi shati, ile risasi yenye pua iliyopondeka, na Nedra alikwisha kuiona mara mbili wakati wa kufua.

"Baba? Utanipa?"

Verlin alikifunga kifungo cha mfuko. Vidole vilimchukua muda. Kisha akaisukuma simu taratibu juu ya meza, ikamfikia Nedra, ajibu yeye.