Ombi Lako Limepokelewa

Mjaribu wa mwisho siku ile hakuwa amealikwa na mtu.

Jicho alimkuta amekwisha kaa kitini. Jina hilo la Jicho alipewa na wenzake ofisini kwa sababu kosa halikumpita. Kazi yake ilikuwa kupima tovuti kabla hazijaenda kwa watu. Sehemu aliyoipenda zaidi ni hii ya kumweka mtu wa kawaida mbele ya simu, kumpa la kufanya, kisha kukaa nyuma yake kimya, bila kumsaidia, aone anakwama wapi. Siku hiyo walikuwa wakipima upya tovuti ya hospitali, ile ya kuitia gari la wagonjwa. Aliyekaa alikuwa mama mjamzito, miguu imevimba, anapumulia mdomo.

"Karibu, mama. Jifanye uko nyumbani, uchungu umekushika. Ita gari."

Mama alibonyeza. Kioo kikaandika: Ombi lako limepokelewa. Gari linakuja. Akailaza simu mapajani, akakunja mikono.

"Asante sana. Tumemaliza."

"Bado," mama alijibu bila kugeuka. "Nasubiri gari."

Jicho akacheka kidogo. "Ni majaribio tu, mama. Hakuna gari."

"Limesema linakuja."

Jicho akatoka kwenda mapokezi kuuliza nani kamleta mama yule. Dada wa mapokezi aliinua macho kutoka kwenye simu yake. "Mama gani? Tangu tutoke kula hajapita mtu hapa."

Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Alikigusa. Kilikuwa kimelowa, na maji yenyewe yalikuwa vuguvugu.

Akachukua kitambaa akafuta, hakumwambia mtu. Alikuwa hodari wa kutomwambia mtu. Tovuti ile iliandikwa na Kipara, kijana mcheshi aliyenyoa nywele kabla hazijamkimbia zenyewe, na Kipara alikuwa ameijenga juu ya kiunzi kipya, mifupa ya tayari ambayo mafundi wa programu huijazia nyama. Kiunzi hicho kilisifiwa kwa wepesi. Ukibonyeza tu, kioo kinakujibu hapo hapo, kabla hata ombi lako halijafika linakokwenda, kwa kudhani kwamba litafika. Ndiyo maana Kipara mwenyewe alimwomba Jicho aipime pia kwenye mtandao mbovu.

Siku ya kupima, mara ile ya kwanza, ilikuwa Ijumaa. Dada yake Jicho alikuwa anaolewa kesho yake, na fundi cherehani alikuwa karibu kufunga na gauni lake ndani. Jicho akaandika "imepita", akazima kompyuta, akashuka ngazi mbio. Alijiambia angeipima Jumatatu. Jumatatu ikakuta tovuti imeshakwenda kwa watu, na watu wanaisifu.

Kisha mama mmoja akafa na uzazi, mtaa wa mbali ambako mtandao huja na kuondoka. Simu yake ilisema gari linakuja. Hospitalini hapakuwa na lolote lililofika. Lakini mume alikuwa na simu mkononi, maneno yako pale kwenye kioo, na dereva wa zamu hakuwa na chochote zaidi ya kiapo chake kwamba hakuitwa. Akafukuzwa kazi. Habari hizo zilipoletwa kikaoni, Jicho aliinama akachorachora miduara kwenye karatasi. Baadaye alimwambia Kipara, kama mtu anayeomba chumvi, "Hebu parekebishe hapo, kioo kisijibu mpaka ombi lifike kweli." Kipara akaparekebisha, asiulize. Nani angemuuliza Jicho?

Tangu siku ya kiti kilicholowa, chumba cha majaribio kilianza kuwa na harufu. Haikuwa mbaya mwanzoni. Harufu ya nguo iliyofuliwa ikakosa jua. Halafu ikaingia harufu ya damu. Mpishi wa chai akamwaga dawa ya kusafishia, akapiga deki mara mbili, harufu ikazidi. Kisha zikaja pumzi, fupifupi, za mtu anayehesabu maumivu, na kila mara zilikuwa nyuma ya bega la Jicho, pale pale ambapo yeye mwenyewe hukaa anapowatazama watu wakihangaika.

"Dada," Kipara alimnong'oneza, wakiwa kila mmoja na kikombe chake. "Na wewe unasikia?"

"Nasikia nini?"

"Mtu anapumua."

"Feni hiyo."

"Umeme umekatika tangu asubuhi, dada."

Mchana huo mvua ilifunga anga mpaka madirisha yakawa meusi, na Jicho, aliyeingia chumba cha majaribio kuchukua mkoba wake tu, alisikia mlango ukijifunga taratibu kama unaofungwa na mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake, akaona kwenye kiti, kwa mwanga wa simu moja iliyokuwa inawaka peke yake, mgongo wa yule mama, na mgongo ule ukaanza kugeuka, bega kwanza, kisha shingo, kisha uso ambao haukuwa na kosa lolote, uso wa kawaida kabisa wa mwanamke aliyechoka, isipokuwa macho yake hayakupepesa na mdomo haukufunguka wakati sauti ilipotoka, maana sauti ilitoka kwenye simu, ya upole, ya adabu, ikamuuliza jambo ambalo hakuwa amewahi kulipima wala kulijibu.

"Gari limefika wapi?"

Kipara ndiye aliyemtoa mle ndani. Kesho yake alimleta mama yake mdogo, mwanamke mnene mwenye miwani ya kusomea, aliyejulikana kwa kutoa vitu vya namna hiyo. Jicho akamwamkia shikamoo. Mama mdogo aliingia na chetezo chake cha ubani chumbani, akafunga mlango, akakaa humo mpaka chai yake ikapoa. Alipotoka, jasho lilikuwa limeloanisha kola.

"Marehemu kapumzika, msimsumbue," alisema. "Huyu ni jini. Amevaa subira ya marehemu. Kuna uongo ulisemwa humu, na yeye amehamia ndani yake. Nikimtoa kwa moshi, atazunguka arudi, kwa sababu nyumba yake ipo."

"Sasa afanyeje huyo mtu aliyesema?" Jicho aliuliza.

Mama mdogo alimtazama kwa juu ya miwani. "Huyo mtu anawajua aliowadanganya. Awaendee, mmoja mmoja."

Jicho alianza na Kipara, pale pale. Kipara alisikiliza, akajishika kichwa. "Ungeniambia tu una haraka," alisema polepole. "Ningeipima mimi." Hakuna aliyewahi kumwambia neno lililomkata vile.

Akaenda kwa bosi, kisha hospitalini. Dereva aliitwa arudi kazini. Alimpita Jicho kwenye korido akiwa amebeba sare yake, hakumwamkia, na Jicho hakuona sababu ya kuamkiwa. Meza ya Jicho ofisini ilikuwa imeshaondolewa vitu.

Mume wa marehemu, Jicho alimwacha wa mwisho, kwa woga. Mwanamume huyo alikuwa amepanga chumba kimoja, kitanda na jiko, mtoto yuko kwa bibi yake. Alimpa Jicho kigoda, yeye akabaki amesimama. Jicho akasema yote, gauni, harusi, lile neno moja aliloandika, na yule mama anayeuliza gari.

Mwanamume aliegemea ukuta.

"Jirani alikuja na pikipiki," alisema. "Nikamrudisha. Nikamwambia gari linakuja. Mke wangu alitaka twende, mimi nikamwambia tulia. Na yule dereva nilimtemea mate mbele ya watoto wake."

"Nisamehe, kaka."

Mwanamume akashusha sauti. "Anakuja hapa pia. Kila jioni. Anauliza limefika wapi, nami namwambia liko njiani." Akaonyesha kitanda kwa kidevu. "Mwambie na yeye."

Jicho aligeuka. Kitandani hapakuwa na mtu. Lakini godoro lilikuwa limebonyea ukingoni, kwa uzito wa mtu aliyekaa, na zile pumzi fupifupi zilikuwa karibu sana kiasi kwamba alizihisi mkononi. Harufu ikamjaa kooni.

"Gari haliji, mama," alisema. "Halikuitwa. Ombi lako halikufika, na mimi ndiye sikupima."

Pumzi zikasita. Kisha godoro likaanza kuinuka, taratibu, kama mtu mzito anavyojikusanya kusimama, mpaka shuka ikawa sawa. Pazia la mlangoni likasogea pembeni, likarudi. Ndani kukabaki harufu ya mkaa tu.

Mwanamume aliendelea kulitazama pazia, machozi yanamtiririka bila sauti.

"Ametoka," alisema. "Sasa na wewe toka, dada."