Vuta Pumzi Kwanza

Fundi alimwachia mama yake mkono kwa sababu ya zipu. Zipu tu! Alikuwa anainyoosha kwenye dirisha la duka aone kama meno yake yanakaa, na alipogeuka, mama hayupo.

Soko la Jumamosi halina huruma. Mikokoteni inakusukuma, wauza viatu wanakuvuta, na kila kibanda kina spika yake inayopiga kelele kuliko ya jirani. Fundi alikimbia kati yao na gauni lake la kijani alilolishona mwenyewe, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, akiita, "Mama! Mama!" Nusu ya wanawake wa soko wakageuka. Wake hakuwamo.

Akaingia mbiombio kwenye duka la kona, lile linalouza spika na kurekodi matangazo ya wafanyabiashara. Ndani alikuwa kijana mrefu mwenye shati jeupe na sauti nzito ya kukutoa usingizini. Sokoni walimwita Kipaza.

"Kaka, nisaidie! Mama yangu amepotea."

"Mama mzima anapoteaje, dada?"

"Ana ugonjwa wa kusahau! Utanihoji au utatangaza?"

Kipaza akaikamata maiki. "Amevaaje?"

"Kitambaa cha njano kichwani, viatu vya buluu."

"Haloo haloo sikilizeni wananchi kuna mama kapotea kitambaa njano viatu buluu ukimwona mlete duka la spika harakaharaka!"

Hata hajaishusha maiki, umati ulipasuka, akatokea mwanamke mzee, mgongo wima, kitambaa cha njano kichwani, uso umekunjamana kwa hasira.

"Nani huyu anayetangaza kama anafukuzwa na mbwa?"

"Mama!" Fundi alilia.

Mama hakumwangalia. Alimnyang'anya Kipaza maiki. "Kijana, tangazo halikimbizwi. Vuta pumzi kwanza. Sema, nyamaza, mtu asikie, ndipo uendelee." Akavuta pumzi. "Abiria wapendwa... basi la saa nane... linaingia mlango wa pili. Shikeni watoto mikono."

Soko zima likanyamaza. Mchukuzi mmoja akatua gunia akatazama mlango wa pili uko wapi.

"Alikuwa mtangazaji wa stendi ya mabasi," Fundi alinong'ona, anacheka huku machozi yanamtoka. "Miaka na miaka."

"Shikamoo, mwalimu," Kipaza alimwambia mama, mikono nyuma.

"Marahaba. Jifunze."

Na Kipaza, alipoomba namba ya simu ya Fundi kwa kisingizio cha kujifunza kutangaza, hakumdanganya mtu yeyote.

*

Mapenzi yao yalikulia kwenye simu. Fundi aliiweka kati ya bega na sikio, mguu kwenye cherehani, akiunga sare za shule.

"Habari ya leo, uzi wangu?"

"Uzi wako yupi? Nyuzi unazo ngapi?"

"Mmoja tu, na umenifunga."

"Maneno hayo uliyarekodi wapi? Yanauza viatu au sufuria?"

Kipaza alicheka mpaka wateja wakamshangaa. Kisha aliuliza habari za mama, na hapo ndipo Fundi alipompendea. Watu wengine waliuliza, "Bado anasumbua?" Yeye aliuliza, "Leo mwalimu amekula nini?"

"Samaki, mboga za majani na maharage. Kwenye sahani nyekundu."

"Kwa nini nyekundu?"

"Wali mweupe kwenye sahani nyeupe haoni. Anadhani sahani ni tupu, anaisukuma, na watu wanasema mama kaanza kiburi. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyenifungua macho."

Muuguzi huyo, mama mnene asiyejua kupaka maneno sukari, alimwambia Fundi wazi: ugonjwa huu hauna dawa ya kuuondoa, asije mtu akamwaminisha vingine. Lakini mgonjwa anaweza kuishi vizuri. Apate mboga, samaki, karanga, matunda, maji ya kutosha, chumvi kidogo. Atembee asubuhi. Aimbiwe nyimbo za ujana wake. Apewe kazi ya mikono, hata kukunja vitambaa. Na tembe zake za presha asikose, kwa maana presha ikipanda, ubongo ndio unaoumia. Fundi alifuata yote, na mama akawa analala, anaimba, anakunja vipande vya sare kwa ustadi wa kushangaza. Kumwita mwanawe kwa jina hakuweza. Alimwita "dada."

"Inauma?" Kipaza aliuliza siku moja.

"Inauma. Lakini dada mwenyewe anapendwa, basi naridhika." Fundi akacheka. "Zamani nilikuwa nampelekea chakula stendi, nakaa nje nakisubirisha mpaka kinapoa. Akiwa zamu hali. Mpaka mwenzake aje ampokee, ndipo anashika kijiko. Hata angezimia."

"Huyo ndiye mtangazaji," alisema Kipaza.

Kwa upande wake, lilikuwapo jambo alilolimeza kila aliposikia neno tembe. Alilimeza kwa aibu, na aibu ikimezwa haishuki.

*

Sasa ngoja niwaambie kuhusu kaka.

Kaka mkubwa wa Fundi alikuwa mtu wa suti, mwenye gari na maoni. Kumwogesha mama hajawahi. Kumlisha hajawahi. Lakini akija mara moja kwa mwezi, anakaa kwenye kiti bora na kutoa amri. Mnawajua watu hawa, kila ukoo unao. Fundi alipopata kazi ya sare za mji wa jirani, ikabidi asafiri, akampeleka mama kwa kaka pamoja na tembe, sahani nyekundu na maelezo.

"Mimi pia ni mtoto wake," kaka alisema. "Usinifundishe."

Fundi aliporudi alimkuta mama amekonda, midomo imekauka, anapepesuka akisimama. Sahani nyekundu ilikuwa kabatini, haijaguswa. Mezani palikuwa na kopo kubwa lenye picha ya ubongo unaong'aa.

"Hii nini?"

"Unga wa Kumbukumbu," kaka alijibu kwa majivuno. "Asubuhi, mchana, jioni. Mwuzaji amesema hospitali zinawajaza wazee kemikali. Tembe nimetupa."

"Umetupa tembe za presha?"

"Acha kelele! Unga unasafisha ubongo. Chakula kizito kinauzuia."

"Kwa hiyo mama yangu umemlisha uji wa kopo, umemtupia dawa, na unanikalia hapo na tai shingoni? Hivi una moyo wewe, au nao umeutupa?"

Mama akajaribu kusimama kuwaamua. Akaanguka.

Hospitalini daktari alipima presha, akafumba macho kidogo, akasema wamewahi. Wamewahi! Neno hilo Fundi alilibeba kama kaa la moto moja kwa moja hadi sokoni, kumtafuta mwuzaji wa unga.

Hakuhitaji kuuliza. Spika ilimwita yenyewe.

"Mama amesahau jina lako? Baba anapotea njia? Unga wa Kumbukumbu! Tupa tembe, rudisha akili! Unga wa Kumbukumbu!"

Fundi alisimama. Sauti ile aliijua. Ilikuwa ikimwita uzi wangu kila jioni.

Alimkuta Kipaza dukani anafunga nyaya. Akafurahi kumwona, maskini. "Mpenzi wangu, umeru..."

"Usiniite mpenzi! Mama yangu yuko kitandani. Ameangushwa na kopo lako!"

Uso wa Kipaza ulibadilika. "Mama kapatwa na nini?"

"Kaka yangu alitupa tembe zake kwa sababu sauti yako ilimwambia atupe. Kumbe ndiyo maana ulikuwa unauliza, mama amekula nini, mama amelala vipi. Ulikuwa unatafuta mteja!"

"Hapana! Wallahi, hapana. Nililirekodi kabla sijakujua. Mtu analeta maneno yake, mimi nasoma. Siku hiyohiyo nilisoma ya viatu, ya dawa ya mende..."

"Na dawa ya mende uliuliza kama inaua?"

Kipaza akaziachia nyaya.

"Ulipojua mama yangu anaumwa, ulisema nini?"

"Niliona aibu."

"Ukanyamaza! Una sauti ya kuamsha soko, lakini ukweli ulikukaba. Namba yangu ifute."

Akaondoka. Kipaza alipiga simu, Fundi hakupokea. Akaandika ujumbe, hakusoma. Fundi alilia kwenye cherehani mpaka akashona mkono wa sare mahali pa kola, akaufumua, akaukosea tena.

*

Na mama, aliporudi nyumbani, akagoma kula.

Tembe alimeza kwa maji, lakini chakula hapana. Aliketi mezani mgongo wima, ameshika kijiko kimesimama karibu na kidevu, macho mlangoni. Fundi alipika samaki, alipika maharage, aliponda parachichi. Sahani nyekundu, kijani cha mboga, vyote vinaonekana vizuri.

"Mama, kula kidogo tu."

"Siwezi, dada. Bado."

"Mama, nakuomba."

"Nimesema bado!"

Siku ya kwanza, siku ya pili. Muuguzi alikuja akaangalia kinywa, koo, tumbo, akasema hakuna kidonda. "Kuna kitu anakisubiri," alisema. "Tafuta ni nini. Haraka, maana mwili huu hauna akiba." Fundi alitafuta, lakini mtu mwenye hasira na usingizi machoni haoni kilicho mbele ya pua yake.

Huko sokoni, Kipaza alikuwa ameenda kwa mwuzaji wa unga. "Zima hilo tangazo."

Mwuzaji akacheka. "Sauti umeshaniuzia, bwana. Ni mali yangu."

"Ya kopo ni yako," alisema Kipaza. "Ya kooni ni yangu."

Akatoa spika yake kubwa kuliko zote, akaiweka ng'ambo ya njia, ikatazamana na kibanda cha unga. Akavuta pumzi.

"Ndugu wateja... sauti mnayoisikia pale... na hii mnayoisikia hapa... ni za mtu mmoja. Ni mimi. Pale nilidanganya. Sikuuliza, nikasoma. Unga ule hautibu ugonjwa wa kusahau. Usitupe tembe za mzazi wako kwa neno langu. Mpeleke kliniki... mpe chakula... kaa naye."

Alirudia kutwa nzima. Mwuzaji alitukana, akaongeza sauti, Kipaza naye akaongeza. Wafanyabiashara waliokuwa wateja wake walikuja kuchukua matangazo yao. Nani anamtaka msomaji anayeuliza maswali? Hakuacha. Watu walikusanyika, wengine na makopo mikononi wanadai chao, na kufikia alasiri kibanda kilikuwa kimefungwa na mwenyewe hajulikani alikopitia.

Katika umati ule alikuwamo mtu wa suti, bado hajamwamini daktari, amekuja kununua kopo jingine. Kwa mara ya kwanza maishani mwake kaka hakuwa na maoni. Alimfuata Kipaza, akamwambia mama yake aliangushwa na unga ule.

*

Fundi alifungua mlango akawakuta wawili, kaka na Kipaza. Alitaka kuufunga.

"Nitukane baadaye," kaka alisema, sauti imemshuka. "Nimekosa, mdogo wangu. Huyu amejitangaza mwongo mbele ya soko zima. Mimi hata mbele yako nilishindwa. Mruhusu amwombe mama radhi."

"Mama haombwi radhi, mama hali! Siku ya tatu leo. Amekaa na kijiko, anasema bado, bado!"

Kipaza alichungulia juu ya bega lake. Akaona mgongo wima, kijiko kidevuni, macho mlangoni. 

"Fundi. Yuko zamu."

"Nini?"

"Uliniambia mwenyewe. Akiwa zamu hali mpaka apokelewe. Hakuna aliyekuja kumpokea."

Fundi aliziba mdomo kwa mikono miwili. Miaka yote ile ya kusubiri nje ya stendi na chakula kinachopoa, na bado hakuona! Alimpisha njia.

Kipaza alifunga kifungo cha kola, akafuta viatu kwa nyuma ya suruali, akasimama mbele ya meza.

"Shikamoo, mkuu. Nimekuja kukupokea zamu."

Mama alimpima juu hadi chini. "Umechelewa."

"Nimechelewa, mkuu. Nisamehe."

"Watu wamesimama hapa tangu juzi." Akamsogezea kijiko taratibu, kama maiki ya thamani. "Basi la mwisho halijaingia. Usiondoke mpaka liingie."

"Siondoki."

"Na usikimbilie maneno."

"Navuta pumzi kwanza."

Mama akashusha mabega. Akaegemeza mgongo wake kwenye kiti, akaangalia sahani nyekundu kana kwamba imewekwa sasa hivi. "Dada, hiki chakula cha nani? Njaa imeniuma."

Fundi alimpa kijiko kingine. Mama akala. Alikula samaki, akala mboga, akaomba maji. Kaka alikaa sakafuni na suti yake, akalia bila kujificha, na hakuna aliyembembeleza.

Fundi alimgeukia Kipaza. "Usidhani nimekusamehe."

"Sijadhani."

"Tena nina hasira."

"Nimeiona. Inakupendeza kidogo."

"Ishia hapohapo!" Lakini mdomo ulishamsaliti, pembe moja imepanda.

Kipaza akainua kijiko, maana zamu ilikuwa yake. "Tangazo. Fundi wa gauni la kijani... anaombwa na kijana aliyekosa... akubali kuolewa naye. Mama wataishi naye. Sahani nyekundu atazinunua za nyumba nzima. Na kuanzia leo hasomi neno asilolijua ukweli wake."

 Fundi aliangalia kijiko, akamwangalia mama. Mama alikuwa anatafuna, amekunja uso kwa kusikiliza kwa makini.

"Safari hii umesema vizuri," mama aliamua. Kisha akamgonga mwanawe mkononi. "Wewe dada, jibu. Abiria wanasubiri."

Dada. Hata leo, dada. Fundi akafuta macho kwa ncha ya futi yake, akamnyang'anya Kipaza kijiko, akavuta pumzi.

"Tangazo," alisema. "Nimekubali. Hasira bado ninayo."